Kisu Butu cha Rufina

Mke wangu Rufina alipoteza vidole viwili Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, na wakati huo mimi nilikuwa nakoroga sukari. Mimi ni mpika kashata. Hapa Taal, mji mdogo wa Ufilipino, wapika kashata tumejaa kama kuku, na hakuna anayenijua kwa kazi hiyo. Wananijua kama mume wa Rufina, na sijawahi kulionea haya jina hilo.

Tunakaa mtaa wa Balisong. Kama mtaa ulipewa jina la kisu au kisu kilipewa jina la mtaa, wazee hawajamaliza kubishana. Kisu chenyewe ni ubapa mmoja na mipini miwili inayozunguka kwenye pini mbili: ukikifunga, mipini inaumeza ubapa, ukikifungua, mipini inakutana upande wa pili unapata mshiko. Kila baada ya nyumba mbili kuna jiliwa na tupa. Baba yake Rufina alikuwa mhunzi, mjomba wake Anselmo Marasigan ni mhunzi mpaka leo, na tangu akiwa na miaka kumi na saba Rufina ndiye aliyesimama kwenye gurudumu la kung'arishia katika karakana ya huyo mjomba. Kila kisu kilichotoka pale kinang'aa kama kioo kilikuwa kimepita mikononi mwake.

Lakini kukichezesha ndiko kulikomfanya ajulikane. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu. Alikuwa amesimama kando ya sufuria la supu ya mifupa, anakifungua na kukifunga kisu huku anamsimulia shangazi yake habari za vitunguu kupanda bei. Kisu kilikuwa kinalia tiki-tiki, tiki-tiki, kama cherehani iliyotiwa mafuta vizuri. Kilipita juu ya kidole gumba, kikazunguka nyuma ya mkono, kikarudi kiganjani, na yeye hakuwa anakitazama hata kidogo. Alikuwa anaitazama ile supu. Nilimwoa baada ya miezi minane. Shemeji zangu hupenda kusema kwamba sikuoa mwanamke, nilioa mkono.

Siku ile ya Februari ubapa ulipata moto kwenye gurudumu, akaushika kwa kitambaa asiungue. Gurudumu likanyakua kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Gurudumu lile halikuwa na kinga. Rufina alikuwa ameiomba mara mbili, bati tu la kufunika upande wa juu, na Mjomba Anselmo akajibu mara zote mbili kwamba ataliweka wiki ijayo.

Hospitali walikaa naye siku sita. Akarudi nyumbani na bandeji kubwa kama ngumi ya bondia. Mbele yangu hakulia. Bandeji ilipotolewa, alichofanya ni kukusanya visu vyake vyote, kumi na kimoja, akavitia kwenye mfuko wa mchele na kumpelekea jirani ampe Mjomba Anselmo.

"Avigawe," akasema. "Au avirudishe kwenye moto."

"Kwa nini usijaribu mkono wa kushoto?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia ajifunze kulia kwa jicho moja. Sikurudia swali hilo tena.

Miezi miwili ilipita hivyo. Alinisaidia kumenya karanga, akaenda kanisani, akapika, akafua. Ila nyumba ilikuwa kimya. Hakuna anayejua jinsi kisu kidogo kinavyojaza nyumba sauti mpaka kinyamaze. Ndipo nikafanya jambo ambalo mtaa mzima ulinicheka kwa ajili yake: niliagiza kwa simu, kutoka duka moja la Manila, balisong ya mazoezi. Hiyo haina makali. Ubapa wake ni butu, kingo zake za mviringo, umetobolewa matundu matatu ili usionekane kama silaha. Nilisoma kwamba watu wa nchi nyingine wanaochezesha visu huanzia hapo. Sisi hatuanzii hapo. Sisi tunaanzia kwenye damu.

Aliyeleta kifurushi ni kijana wa pikipiki. Aliposoma maandishi kwenye boksi akazima injini kabisa ili acheke vizuri.

"Kaka, unakaa mtaa wa Balisong halafu unaagiza balisong Manila?"

"Nipe nisaini, uende."

"Nasaini mimi kwa niaba yako, Kaka. Wewe utaona aibu."

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimefika karakanani. Mjomba Anselmo akaja mwenyewe, ana vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi, akakichukua kile kisu mezani na kupitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, taratibu, kama mtu anayetafuta makosa ya mwanafunzi.

"Domeng," akaniambia, "umepeleka kahawa Lipa, kwa wanaoilima."

"Ni cha mazoezi, Mjomba."

"Mazoezi ya nini? Ya kupakua wali? Hiki hakikati hata kashata yako, na kashata yako inajulikana kwa ulaini."

Watu waliomfuata mpaka mlangoni wakacheka. Rufina alikuwa amekaa palepale, anamenya karanga, na nikagundua kwamba mjomba wake alitania upande wangu, akatania upande wa mlango, lakini upande aliokaa Rufina hakugeuka. Akakiweka kisu chini akaondoka.

Siku tatu kikakaa mezani. Siku ya nne nilikuwa natoka jikoni na sinia la kashata, nikasikia kitu kinagongagonga kama mkebe wenye kokoto. Rufina alikuwa barazani. Alikuwa amekishika kile kisu kwa vidole vitatu na kukitikisa sikioni, uso umekunjamana.

"Domeng, hiki kitu kimetengenezwa na mtu mwenye chuki na binadamu."

"Kina nini?"

"Kinalegea kila mahali. Pini ni nyembamba kuliko tundu. Mpini huu umepinda. Na hiki kifungo cha mwisho, cha kubania mipini, kimeundwa kwa bati la kopo la samaki. Wewe ulikikagua kabla hujalipa?"

"Kwenye simu nitakikagua vipi?"

"Ungeniuliza mimi."

Hayo yalikuwa malalamiko yake ya kwanza tangu Februari. Niliyapokea kama mtu anavyopokea mvua ya kwanza. Nikaweka sinia chini taratibu, nikiogopa kuyakatisha.

Akakizungusha. Kilifunguka nusu, mkia wa mpini ukaponyoka, kikaanguka sakafuni. Akakiokota. Kikaanguka. Mara ya tano au ya sita akaniita nisogee, akanionyesha. Vidole viwili vya mwisho, akasema, kazi yake si kushika kisu, kazi yake ni kupokea mkia. Mpini ukizunguka unakuja na uzito wake wote mwishoni, na wao ndio wanaoungoja pale. Sasa mkia unakuja, haukuti mtu nyumbani.

"Basi haiwezekani," nikasema, nami nilijuta kabla sijamaliza.

"Sijasema haiwezekani. Nimesema mkia hauna mtu wa kuupokea." Akakipima kwenye kiganja. "Kwa hiyo mkia usije."

Kesho yake asubuhi alifungua sanduku la vifaa la marehemu baba yake, na kazi ikaanza.

Kwanza alishindwa kushika tupa. Mpini wa tupa ulikuwa mwembamba, ulimzunguka mkononi. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa utepe, akauvingirisha kwenye ule mpini mpaka ukanenepa kama muwa. Hivyo kabla ya kurekebisha kisu ilibidi arekebishe vifaa vya kurekebishia kisu, tupa tatu na msumeno mmoja, na hiyo pekee ilimchukua wiki. Sikuwahi kumwona mtu mwenye subira ya namna ile. Mimi sukari ikichelewa dakika tano kushika rangi naanza kuitukana.

Kisha akakifungua kisu, akakipanga vipande vipande juu ya gazeti. Kifungo cha mwisho alikitupa, maana kila kilipozunguka kilipiga pale kovu lilipo. Mikia ya mipini yote miwili aliikata, upana wa kidole kila mmoja. Akachukua bomba bovu la maji la shaba, akalikata visahani vyembamba kama kucha, akavisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka vikalingana, akavitia kati ya ubapa na mipini kule kwenye pini. Mlegeo ukaisha. Ukikitikisa sikioni, kimya.

Kilichobaki cha lile bomba alikigeuza vijiti viwili vifupi akavipachika ndani ya mipini, karibu kabisa na pini. Hapo ndipo palipokuwa na akili yake yote. Uzito uliokuwa mkiani aliuhamishia shingoni. Kisu kikizunguka sasa, mwendo unaanzia karibu na kidole gumba na kidole cha shahada, na mkia unafuata mwepesi, kama ng'ombe mzee anayejua njia.

Ubapa wa Manila nao haukumridhisha. "Mwepesi mno," akasema. "Hauna heshima." Akanituma kwa fundi magari nikaomba kipande cha springi ya lori, chuma kilekile wanachotumia wahunzi wetu. Alikipasha moto, akakinyoosha, akakikata kwa umbo la ubapa halisi, uzito halisi, mgongo halisi. Isipokuwa mahali pa makali aliacha unene, akauviringisha ukingo ukawa laini kama ukingo wa kikombe. Siku nne alizing'arisha kingo zile kwa mkono, kwa msasa na majivu, kwa sababu gurudumuni hakwenda.

Mjomba Anselmo alipita njiani siku ya tatu. Akasimama nje ya uzio.

"Nasikia mtu ananoa kisu kisichokata."

"Sinoi, Mjomba. Nakitoa ukali," Rufina akajibu bila kuinua kichwa.

"Kumbe kuna kazi hiyo."

"Ipo. Ni ngumu kuliko yako."

Mzee akakohoa akaenda zake. Wala sikumsikia akilisimulia hilo karakanani.

Mwishowe akauvisha mpini mmoja pembe ya nyati, ule ambao ubapa ungefungia mgongo wake, ndio tunaouita mpini mpole, usiokata vidole. Mwingine akauacha chuma kitupu. Nikamuuliza mbona hakuvisha yote. Akasema mkono uliopungua unahitaji kuambiwa mambo waziwazi: pembe ina joto, chuma ni baridi, basi hata akifumba macho atajua ameshika upi. Mwisho wa yote, cha Manila kilichobaki kwenye kisu kile kilikuwa mipini iliyokatwa mikia na pini zake mbili.

Kikaanza kuzunguka. Si kama zamani. Kilifunguka, kikafungika, kikapita juu ya kidole gumba, lakini kupita nyuma ya mkono kilikataa. Kila kilipofika upande wa vidole visivyokuwepo kilianguka. Vifundo vya vidole vyake vilivimba, vikawa vyeusi. Kama kingekuwa na makali, angebaki na kidole gumba peke yake. Hapo ndipo nami nikaelewa thamani ya ubutu: kilimruhusu akosee mara mia mbili kabla ya chakula cha mchana.

Jambo lenyewe lilitokea kwa bahati mbaya, na aliyeliona ni mimi. Ilikuwa mchana, mwezi wa Juni, mvua inanyesha. Nilikuwa nafunga kashata kwenye karatasi. Rufina alikizungusha kuelekea nyuma ya mkono, mpini ukamponyoka, nami nikauona unapita katikati ya lile pengo, pale vidole vilipokuwa, unatokea upande wa pili, unapiga kiganja, halafu unaanguka. Akasonya.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie nini? Kimeanguka."

"Hakikuanguka mara moja. Kimepita hapo kwanza." Nikamwonyesha kwenye mkono wangu, nami nina vidole vyote, kwa hiyo nilionyesha vibaya. Ilibidi nikunje viwili nivibane kwa mkono wa pili. "Kimepita hapa, kikarudi kiganjani. Kama ungefunga mkono wakati ule ungekipata."

Akanitazama. Miaka kumi na nne ya ndoa, sikuwahi kumwambia lolote la maana kuhusu kisu.

"Domeng," akasema, "kumbe una macho."

Ilimchukua siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, nikiwa jikoni, nikasikia tiki-tiki, kisha kimya kifupi kama mtu anayevuta pumzi, kisha tiki. Na tena. Tiki-tiki, pumzi, tiki. Nikaiacha sukari ikaungua. Nilisimama mlangoni nikamtazama mke wangu akikipitisha kisu katika mahali palipokatwa, kinatoweka nyuma ya mkono kinaibuka kiganjani kama kilichopita ukutani. Sikujua kama nicheke au nipige goti.

Sikukuu ya mtaa wetu huangukia mwishoni mwa Julai. Huwa kuna misa, kuna nguruwe wa kuchoma, na alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, kuna mashindano ya kuchezesha visu. Siku hizi huja vijana kutoka Lipa na Batangas mjini na visu vya bei kubwa vya chuma chepesi, vinavyozunguka kwa gololi. Rufina aliwahi kuushika uwanja ule miaka mitano mfululizo. Mwaka ule hakuna aliyetarajia ajiandikishe. Alipoitwa, uwanja ulinyamaza ule unyamavu wa huruma, ambao yeye anauchukia kuliko dharau.

Akasimama katikati na gauni lake la kanisani. Akanyanyua kisu juu.

"Ni butu," akasema. "Msiogope. Na mimi siogopi."

Watu wakacheka, ikasaidia. Akaanza. Alifungua, akafunga, akapitisha juu ya gumba, akabadilisha mpini. Vizuri, safi, lakini mambo ambayo kijana yeyote pale angeyafanya. Kisha akakiangusha. Kikalia kwenye sementi. Nilimwona Mjomba Anselmo upande wa pili, ameshika kofia kwa mikono miwili, anatazama miguu yake.

Rufina hakukiokota haraka. Aliinama, akakifuta vumbi kwenye gauni, akakiangalia kama kimeumia, akaanza upya palepale alipoishia. Halafu akakipitisha kwenye pengo. Mara moja. Nusu ya uwanja haikuelewa ilichokiona. Akakipitisha mara ya pili, ya tatu, mfululizo, mkono ukiwa umenyooka mbele ili kila mtu aone: kisu kinaingia nyuma ya mkono na kutokea kiganjani, kinaingia na kutokea, bila kusimama, na ile sauti yake ya cherehani.

Hakuna aliyepiga makofi mpaka alipofunga. Wakati wa makofi mimi nilikuwa nimeshachelewa, maana nilikuwa nafuta uso.

Kijana mmoja wa Lipa, ambaye ndiye aliyeshinda siku ile, na alistahili, alikuja baadaye tukiwa mezani, ana sahani ya nyama mkononi.

"Ate Rufina," akasema kwa adabu, kama wanavyomwita dada mkubwa. "Naomba unionyeshe ile ya mwisho polepole."

Akamwonyesha. Kijana akatoa kisu chake cha mazoezi, akajaribu. Kikagonga kidole cha pete kikaruka mpaka kwenye bakuli la mchuzi. Akajaribu tena, akajaribu kukunja vidole, akajaribu kuviachanisha.

"Sioni njia," akasema. "Nakosea wapi?"

"Hukosei," Rufina akamjibu. "Una vidole viwili vya ziada."

Kijana akatazama mkono wake, akatazama wa Rufina, kisha akacheka mpaka akaweka sahani chini. Rufina naye akacheka. Tangu Februari nilikuwa sijasikia kicheko kile.

Wiki iliyofuata, Jumatatu asubuhi, Mjomba Anselmo alikuja nyumbani. Hakusimama uzioni. Aliingia, akakaa, akapewa kahawa, akainywa yote bila neno la utani. Kisha akamwita kwa jina lake la utotoni, "Pina, hebu nione."

Rufina akampa kisu.

"Si hicho. Mkono."

Akampa mkono. Mzee akaushika kwenye mapaja yake, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, taratibu, jinsi alivyopitisha kwenye ukingo wa kile kisu siku ya kwanza. Miezi mitano alikuwa hajautazama.

"Uliniomba bati," akasema.

"Nilikuomba."

"Mara mbili."

"Mara mbili, Mjomba."

Mzee akatikisa kichwa, macho yamejaa maji. Rufina hakumwambia kwamba si kitu, wala hakumwambia kwamba amesamehe. Alimwachia mkono mpaka yeye mwenyewe alipouachia. Kisha akasema, "Nitarudi kazini. Gurudumuni sirudi, nitakaa meza ya kuunganisha. Na lile gurudumu nataka lifungwe kinga kabla sijavuka mlango. Nitapima mwenyewe."

"Limeshafungwa. Njoo upime."

Akaenda akapima. Akaikuta kinga imepinda kidogo upande wa juu, akamfanya mzee aifungue na kuifunga upya mbele ya wafanyakazi wote.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Siku hizi karakana ya Mjomba Anselmo ina rafu moja ya visu butu, na vyote vinatoka kwenye meza ya Rufina. Watu humwandikia kutoka mbali: mmoja ana kidole kimoja kilichokakamaa, mwingine alizaliwa na mkono mdogo, mwingine ni mzee tu anayetetemeka. Yeye huwaomba wamtumie mchoro wa kiganja kwenye karatasi, kisha anakaa na karatasi ile siku nzima kabla hajagusa chuma.

Cha kwake hakiuzi, na hakijawahi kukaa mwezi mzima bila kuguswa. Jana tumekula mchana, sahani bado ziko mezani, akakifungua tena vipande vipande juu ya gazeti. Nikamuuliza safari hii kina tatizo gani.

"Kinaenda kushoto," akasema.

"Kiasi gani?"

Akanionyesha kwa gumba na kidole cha shahada, uwazi ambao mwanga haukupita. Mimi sikuuona. Nikamsogezea taa na msasa, nikaenda kuosha vyombo.